Nilimhurumia Shangazi Kabla Sijajua Kumjali

Shangazi yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi, na miezi minne ya mwisho ya uhai wake aliimaliza nyumbani kwake Mbagala, katika chumba cha mbele ambacho dirisha lake linatazama njia ya mchanga. Nilihamia kwake ili nimuuguze. Nimekaa muda mrefu bila kuiandika habari hii, si kwa ajili ya majonzi peke yake, bali kwa sababu ya jambo moja ambalo sikuwa tayari kulikiri: katika nyumba ile hakuna aliyemwonea shangazi huruma kama mimi, na katika majuma ya mwanzo hakuna aliyemfaa kidogo kama mimi. Nilikuwa nikidhani kwamba anayeumia pamoja na mgonjwa ndiye anayemjali, na kwamba kadiri anavyoumia zaidi ndivyo anavyojali zaidi.

Shangazi alipokuwa akiugulia, mimi nilisikia tumbo langu mwenyewe likikaza. Alipogeuzwa kitandani na uso wake ukakunjamana, nilifumba macho na kuuma meno kana kwamba aliyegeuzwa ni mimi. Chakula hakikupita kooni. Mara nyingi nilishindwa kukaa chumbani, nilitoka kwa mlango wa uani nikasimama karibu na pipa la maji, nikalia mpaka ncha ya kanga ikalowa, na niliporudi ndani macho yakiwa mekundu, wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa walinishika mkono wakaniambia, "Pole mwanangu, kweli unampenda shangazi yako." Nilizipokea pole zile kwa moyo mmoja. Na wakati mimi nipo uani, mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiutoa ule mpira wa kitandani, akiupangusa kwa maji ya sabuni, na kuurudisha chini ya shuka kavu.

Mtu huyo alikuwa jirani yetu, mama wa makamo anayepika vitumbua alfajiri na kuviuza barazani kwake. Hakuwa na udugu nasi. Sikuwahi kumwona akitokwa na chozi mbele ya mgonjwa wala pembeni, na nakiri kwamba mwanzoni nilimdhania kuwa na moyo mgumu. Lakini nikizirudia siku za wodini, kabla shangazi hajaruhusiwa kurudi nyumbani, namwona akiingia saa ya kuwatazama wagonjwa akiwa na chupa ya uji wa ulezi na vikombe viwili. Kimoja alimpa shangazi. Kingine alikijaza akampelekea mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye hatukumjua na ambaye hakuwa akipata mgeni hata mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi penye miguu ya shangazi kwa siku tatu, nikimlilia, na yule mwanamke aliyekuwa hatua mbili tu kutoka nilipoketi sikuwa nimemtambua kama ni mtu mwenye njaa. Kesho yake jirani alikuja tena na vikombe viwili, na siku iliyofuata vilevile.

Lugha yetu, kwa maoni yangu, imeyatenganisha mambo haya vizuri kuliko nilivyoyatenganisha mimi. Tunasema kumwonea mtu huruma, na ndani ya tamko hilo kuna jicho: nimeona, nimeguswa, na inawezekana nikabaki nimekaa palepale nilipokuwa. Kujali ni kumpa mtu uzito, kumwingiza katika hesabu za siku yako. Mke anayelalamika kwamba mumewe hamjali hana maana kwamba mumewe hasikitiki anapomwona amelala na homa. Huenda anasikitika sana. Ana maana kwamba haulizi kama dawa imenunuliwa. Kisha lipo neno kuuguza, ambalo nalipenda kuliko yote. Kwa sarufi limezaliwa na kuugua, kama vile kulaza lilivyozaliwa na kulala, na mgeni wa Kiswahili angeweza kudhani maana yake ni kumsababishia mtu ugonjwa. Sisi tunalitumia kwa maana ya kukaa na mgonjwa katika kuugua kwake, na kila anayelisikia anajua kwamba ndani yake kuna maji ya moto, shuka, sufuria ya uji, na usiku wa macho. Hakuna mtu anayeweza kusema ameuguza kwa kulia.

Nilipokuja kusoma mambo haya baadaye, nilikuta kwamba maumivu yale niliyokuwa nikiyasikia uani hayakuwa ya kujitungia. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake, waliokuwa London, walichapisha utafiti ambamo wanawake 16 waliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wapenzi wao wameketi kando, na mara mwanamke mwenyewe alipigwa shoti ya umeme mkononi, mara akaashiriwa kwamba anayepigwa ni mwenzake. Sehemu za ubongo zinazohusika na uchungu wa maumivu, yaani ile karaha inayomfanya mtu atamani yaishe, ziliamka katika hali zote mbili. Sehemu zinazotambua ni wapi hasa panapouma hazikuamka kwa namna hiyo shoti ilipompata mwenzake. Kwa hiyo anayemhurumia mgonjwa huumia kweli. Ila maumivu hayo ni yake yeye, yamo mwilini mwake, na kiumbe yeyote mwenye maumivu hutafuta kwanza njia ya kuyaondoa.

Na njia ziko mbili. Unaweza kumwondolea mgonjwa kinachomtesa, au unaweza kuondoka mahali unapomwona. Mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Batson na wenzake walilifuatilia jambo hili kwa majaribio mengi tangu miaka ya 1980: watu walimtazama mtu mwingine akionekana kuteseka, kisha baadhi yao wakaachiwa nafasi rahisi ya kuondoka na wengine wakanyimwa nafasi hiyo. Waliojaa fadhaa yao wenyewe, mlango ulipokuwa wazi, wengi wao waliondoka bila kumsaidia. Wale ambao mawazo yao yalimwelekea mtu anayeteseka walikuwa tayari kusaidia hata mlango ulipokuwa wazi. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka mlango wa uani kwa shangazi, wa bati, wenye komeo la waya. Niliufungua mara ngapi, na kila mara nilijiambia kwamba ninatoka kwa sababu ninampenda mno.

Aliyenifundisha kwa vitendo alikuwa kijana muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso kwa wagonjwa ambao maradhi yao hayaponi. Alikuja nyumbani mara moja kwa juma akiwa na begi mgongoni. Siku ya kwanza alimwamkia shangazi, akaketi kwenye kigoda ili uso wake uwe sawa na uso wa mgonjwa, akatoa chupa ya plastiki yenye mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, na bomba dogo la kupimia. Kisha akachukua karatasi akachora visanduku na kuandika saa: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, na nne usiku. Ile ya saa nne usiku ilikuwa maradufu ya nyingine, ili mgonjwa alale mpaka alfajiri bila kuamshwa na maumivu. Tuliibandika karatasi ukutani juu ya kichwa cha kitanda, na kalamu ikaning'inizwa kwa uzi ili kila anayempa dawa atie alama.

"Msisubiri alie," alituambia. "Mkisubiri alie mmeshachelewa."

Alieleza kwamba dawa ile hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, na kwamba maumivu yakiachwa yakapanda, kuyateremsha huwa kazi kubwa kuliko kuyazuia yasipande. Nilielewa kila neno, na bado kwa siku kadhaa niliendelea kumpa shangazi dawa kwa kufuata sauti yake. Akiugulia, nilikimbilia chupa hata kama saa haijafika. Akinyamaza, nilisahau karatasi. Saa yangu ilikuwa sikio langu. Nilitaka sauti ile inyamaze, na iliponyamaza, mimi nilipumua, nikadhani na yeye amepumzika.

Usiku mmoja shangazi alipitiwa na usingizi saa tatu. Alikuwa hajalala vyema kwa siku mbili, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, midomo imeachana kidogo kama ya mtoto. Saa nne ikafika. Nilisimama kando ya kitanda nikiwa na bomba lililojaa dawa mkononi, nikamtazama, na nikamwonea huruma kumwamsha. Nikairudisha dawa chupani. Saa nane ya usiku niliamshwa na mtikisiko wa kitanda. Hakuwa akilia, alikuwa ameushika mkunjo wa chandarua na kuuvuta mpaka msumari ukang'oka ukutani, na macho yake yalikuwa wazi yakitazama dari. Nilimpa dawa mara moja, lakini dawa inayopita tumboni haifiki kwa amri, na maumivu yaliyokwisha kupanda hayakuteremka haraka. Kutoka hapo hadi adhana ya alfajiri nilihisi kila kitu pamoja naye, sikuacha hata mshtuko mmoja wa mwili wake, na hayo yote hayakumpunguzia hata chembe.

Asubuhi jirani aliingia, akaitazama karatasi kabla ya kututazama sisi, na akaona kisanduku cha saa nne usiku ni kitupu. Aliniuliza. Nikamweleza kwamba alikuwa amelala vizuri nami nikamhurumia. Hakunigombeza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ungemwamsha, mwanangu. Angenung'unika dakika mbili, halafu angelala."

Katika maneno yale ndimo nilipoanza kuona tofauti. Huruma yangu ilikuwa imekomea kwenye uso nilioutazama saa nne usiku. Jirani alikuwa akiuona uso wa saa nane, ambao ulikuwa haujatokea. Kuhisi hufuata kinachoonekana na kusikika sasa hivi, kwa kuwa hisia haina njia nyingine ya kuingia isipokuwa macho na masikio. Kujali humfikiria mtu hata pale asipotoa sauti, hata akiwa amelala, hata ikibidi umkere kidogo na uso wake ukukunjamanie wewe.

Baba mdogo, ambaye na shangazi walifuatana ziwa, naye alikuwa na shida yake. Alikuja kila jioni akitoka kazini, akasimama mlangoni bila kuingia, akauliza hali, akatazama chini, akaondoka. Siku moja tuliikosa chupa ya dawa, na tulipoitafuta sana tukaikuta juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Ni yeye aliyeificha. "Mtamfanya dada yangu teja," alisema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Sina shaka kwamba alikuwa akiumia kuliko alivyoweza kusema, na upendo ule ndio uliomnyima dada yake dozi mbili. Muuguzi alipokuja alikaa naye barazani muda mrefu. Alimweleza kwamba mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo kwa ajili ya maumivu hayuko katika hali ya kijana wa kijiweni, na kwamba jambo la dawa ile linalosumbua karibu kila mgonjwa ni choo kigumu. Kisha akatugeukia sote akauliza, "Mama amepata choo lini?" Mimi niliyelia kuliko wote sikujua. Baba mdogo hakujua. Jirani akajibu, "Leo siku ya nne," na kijana akatoa vidonge vya kulainisha choo ambavyo, kwa kweli, vilimpa shangazi nafuu ambayo machozi yetu yote hayakumpa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kujua dawa ile ya saa kwa saa ilitoka wapi. Kule Uingereza alikuwapo Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mtumishi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari na kufuzu mwaka 1957. Mwaka 1948 alikuwa amefanya urafiki na mgonjwa mmoja Mpolandi, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao, na mtu huyo alimwachia pauni 500. Naamini aliumia naye kwa dhati. Lakini kinachonigusa ni miaka 19 iliyofuata. Alijitolea katika nyumba ya wagonjwa mahututi jijini London, ambako aliona wagonjwa wakipewa mofini kwa kinywa, mara kwa mara, kabla maumivu hayajarudi. Akasoma, akaandika, akatafuta fedha, na mwaka 1967 ndipo St Christopher's, hospisi yake, yaani mahali pa kuwatunza wanaokaribia kufa, ikafunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya saratani mwaka 1986, mambo hayo mawili yalikuwamo: dawa itolewe kwa kinywa, na itolewe kwa saa zilizopangwa. Hivi ndivyo visanduku vilivyokuwa ukutani Mbagala.

Karibu nasi zaidi kuna habari ya Uganda. Dkt. Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi katika Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kazi yake ilijengwa juu ya kitu chepesi mno: unga wa mofini unaochanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, ukawa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake kijijini. Hata hivyo, dawa bila daktari wa kuiandika haimfikii mtu, na vijijini madaktari ni wachache. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa zimelithubutu. Huwa nawafikiria watu walioketi mezani wakibishana juu ya maneno ya kanuni ile. Hawakuwa wakimwona mgonjwa yeyote mbele yao. Pengine hawakuwa wakihisi chochote isipokuwa uchovu wa mkutano. Lakini katika hesabu zao alikuwamo bibi fulani wa mlimani ambaye hawatamjua jina, na huko ndiko ninakokuita kujali.

Sitaki nieleweke kwamba nadharau kuhisi. Mtu asiyeguswa na chochote hufanya kazi ya kuuguza kama anayefua nguo za watu, na mgonjwa huyatambua hayo kwenye ncha za vidole vya anayemshika. Mara nyingi kuguswa ndiko kunakotuamsha tulikolala. Ila nimejifunza kutokukuamini peke yake, kwa sababu kunachagua. Batson na wenzake walionyesha jambo hili katika utafiti wa mwaka 1995: watu waliosikilizishwa habari za mtoto mmoja mgonjwa wa miaka 10, wakaombwa wavute taswira ya anavyojisikia, wengi wao walikuwa tayari kumpandisha juu ya orodha ya kusubiri matibabu, mbele ya watoto wengine wenye haja kubwa zaidi ambao habari zao hawakuzisikia. Hakuna aliyewachukia wale watoto wengine. Hawakuonekana tu, kama mwanamke wa kitanda cha pili. Na zaidi ya hapo, kujua mwenzako anahisi nini si lazima kuambatane na kumtakia mema. Tapeli anayempigia mzazi simu na kumwambia mtoto wako ameanguka shuleni, tuma fedha ya matibabu upesi, anaujua moyo wa mzazi kwa undani wa kutisha. Bila ujuzi huo asingepata hata shilingi.

Kuna udhaifu mwingine wa kuhisi ambao ulinishangaza zaidi, nao ni kwamba mara nyingi tunahisi vibaya. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi niliyelala chumba kimoja na shangazi nilidhani nawajua kunguni wote wa kitanda kile. Muuguzi hakudhani. Alikuwa na desturi ya kumwomba shangazi aonyeshe maumivu yake kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni kusema hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Aliuliza, akasubiri, na mkono ulipoinuka aliamini ulichosema. Mara nyingine nilikuwa na hakika kwamba shangazi anateseka, naye akaonyesha kidole kimoja. Mara nyingine nilidhani ametulia, akaonyesha vinne.

Kisha likaja juma ambalo kila siku alionyesha vitano. Dozi iliongezwa, na bado vitano. Alilia kwa sauti ndogo akiwa ameelekea ukutani, nami nikalia naye, nikiwa na yakini kwamba ni mwili unaomtesa. Muuguzi alipofika alivuta kigoda, akamshika kifundo cha mkono, akamuuliza, "Mama, na moyoni je, ni vingapi?" Shangazi hakujibu kwa muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Alikuwa mweka hazina wa kikoba chao cha akina mama, na katika miezi ya kwenda na kurudi hospitali alikuwa ametumia shilingi 180,000 za kikundi kwa nauli na vipimo, akitumaini kuzirudisha. Sasa alijua hatazirudisha. Kwetu sisi Waislamu deni si jambo dogo kwa anayeondoka. Tunafundishwa kwamba roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe, na hata makaburini msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Shangazi alikuwa akiyasikia matangazo yale kabla ya siku yake. Cicely Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya uhusiano na watu, na ya roho kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimelia juma zima juu ya robo moja.

Aliyelibeba jambo hilo ni baba mdogo. Yeye ambaye hakuweza kuvuka kizingiti cha chumba alichukua daftari la kikoba, akakaa usiku mzima na kikokotoo akikagua safu moja baada ya nyingine, na siku ya tatu alikwenda kwa katibu na fedha kamili. Akina mama walitaka kusamehe. Wengine walikasirika kwamba hawakuambiwa mapema. Lakini shangazi alikuwa amesisitiza kwamba hataki kusamehewa, anataka kulipa, na baba mdogo alilishika neno lake kama lilivyo, bila kumchagulia faraja ambayo hakuiomba. Alirudi na stakabadhi. Siku ile aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsomea kiasi kwa sauti, mara mbili, kwa kuwa shangazi aliomba arudie. Jioni muuguzi alipopiga simu kuuliza hali, nilimwomba shangazi mkono. Akainua vidole viwili.

Tangu hapo nami nilibadilika, ingawa si kwa siku moja. Machozi hayakunikauka, nilijifunza kuyaacha yatoke huku mikono ikiendelea. Nilijifunza kumgeuza kwa kumshika nyonga na bega kwa pamoja, kumsafisha bila kufumba macho, kumuuliza kama anataka mlango wazi au umefungwa badala ya kukisia. Nilishangaa kuona kwamba uchovu wangu ulipungua. Nilipokuwa nikihisi tu, nilikuwa nimechakaa kufikia saa tatu asubuhi. Nilipokuwa na jambo la kumfanyia, hata dogo kama kumlowesha midomo kwa pamba, nililala usingizi wa kweli usiku.

Shangazi alifariki siku ya Alhamisi, baada ya dozi ya saa nane mchana na kabla ya ile ya saa kumi na mbili, akiwa ametulia. Jirani ndiye aliyemfumba macho. Hakulia hata hapo, na wala sikumtazama tena kuona kama atalia.

Mofini inayobaki hairuhusiwi kukaa nyumbani, hurudishwa ilikotoka. Baada ya kuanua tanga, mimi na baba mdogo tuliipeleka chupa pamoja na ile karatasi iliyojaa alama za kalamu. Muuguzi aliimimina dawa katika kipimo, akaandika mililita zilizobaki katika kitabu kikubwa, akatia saini, nami nikatia saini chini yake. Tulipotoka, kwenye benchi la nje alikuwa ameketi kijana mmoja na chupa mpya ya dawa mikononi, ameishika kwa viganja vyote viwili, na karatasi yenye visanduku vitupu juu ya mapaja. Alituuliza, kwa kuwa alituona tukitoka mle ndani, kama ni lazima kumpa mgonjwa dawa ya usiku hata akiwa amelala usingizi mzuri, maana mama yake halali na yeye anamwonea huruma.

Baba mdogo alikaa karibu naye kwenye benchi, akaichukua ile karatasi, akaweka kidole juu ya kisanduku cha mwisho.

"Mwamshe," alisema. "Saa nne ikifika, mwamshe."